Ulinganisho: bima kubwa ya kuongezewa eneo, Kadi ya Njano, au bima ya mpakani? Naenda Kongo na gari

Mjomba wa Ntyuka
Wakuu habari za jioni. Mwezi ujao naenda Kongo kupeleka mahari ya mdogo wangu, tunaondoka hapa Dodoma na gari langu. Nina bima kubwa, ile inayolipa hata gari langu mwenyewe, bado haijaisha. Sasa nachanganywa na watu watatu. Wakala wangu wa siku zote anasema nikate Kadi ya Njano, imeisha hiyo. Dalali mwingine anasema hapana, niombe kampuni iniongezee eneo kwenye bima kubwa, na bei aliyonitajia nimeomba maji ya kunywa. Kijana wa gereji anasema wote waongo, bima inauzwa mpakani kama karanga. Ipi ina nafuu? Halafu nasikia kuna serikali zinawaambia raia wao wasiende huko, je hilo linaua bima? Nawasilisha.

Utingo Mstaafu
Kongo ipi mjomba? Lubumbashi unashuka Tunduma, unaikata Zambia yote mpaka Kasumbalesa. Goma ni upande mwingine kabisa wa dunia. Taja mji, taja gari, taja mko wangapi. Umeleta ugali bila mboga.

Fundi Kisasa
Gari gani kwanza? Kama ni IST usiniite kuja kukukokota. Safari kama hiyo ni Prado au Land Cruiser, mengine ni kutafutana lawama.

Mjomba wa Ntyuka
Ni Noah. Tupo sita.

Fundi Kisasa
Noah! Haya.

Wakala Makole
Nipo kwenye kazi hii, kwa hiyo mtaniambia navutia kwangu, sawa. Kadi ya Njano, ile ya COMESA (soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika), si bima mpya. Ni bima yako ya nyumbani inanyoosha mkono nje ya mpaka. Ndiyo maana huwezi kuikata kama huna bima hai hapa, na haiwezi kuishi kuipita bima iliyoizaa. Inalipa uliyemgonga, mali yake, na matibabu ya dereva na abiria walio ndani ya gari lako. Inatambulika Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo ya Kinshasa, Zambia, Malawi, Zimbabwe na kadhalika. Sisi tulitoka COMESA mwaka 2000 lakini kwenye kadi tulibaki. Msumbiji haimo, watu wengi huumia hapo.

Sasa hapa ndipo watu hawasikilizi. Kadi hailipi gari lako. Ukiliviringisha Noah mtaroni, mwenye baiskeli atalipwa na wewe utabaki na chuma chakavu. Ukitaka gari lenyewe lilindwe nje, lazima bima kubwa iwe na nyongeza ya eneo, kwa maandishi, yenye jina la nchi. Maneno ya wakala kwenye simu si maandishi.

Shangazi Zabibu
Na ile ya mpakani?

Wakala Makole
Shangazi, ile ni bima ndogo ya nchi hiyo moja. Ukitoka nchi hiyo ukaingia nyingine, unakata tena. Na gari lako halimo.

Utingo Mstaafu
Ngoja niwape yangu maana naona mnaongea kama mnasoma karatasi.

2019, nimeshaacha malori, nina Noah kama ya mjomba. Baba mdogo akafariki Ndola. Nikakata Kadi ya Njano siku hiyo hiyo, kijana akaandika haraka haraka maana nilikuwa nimesimama mlangoni funguo mkononi. Sikuikagua. Tumefika mbele ya Mpika, jua linazama, lile jua linalokupiga usoni. Pale Zambia kuna hawa ndugu wanaobeba mkaa kwenye baiskeli, gunia mbele, magunia mawili nyuma, taa hana, kiakisi mwanga hana. Nikamwona nikiwa nimeshachelewa. Nilikwepa, nikamgonga gurudumu la nyuma, mimi nikaingia kwenye mti. Mkaa ulimwagika barabara nzima, watu wakaja kuokota kabla hawajaja kutuokota sisi.

Jamaa alivunjika mguu, alipona, namshukuru Mungu mpaka leo. Polisi wakaja, wastaarabu tu, wakaomba kadi. Askari akatoka nje na tochi, akasoma namba ya chesesi kwenye gari, akasoma kwenye kadi, akarudia. Namba ya mwisho kwenye gari ni 3. Kwenye kadi ni 8. Akaniangalia. "Hii kadi ni ya gari jingine."

Siku tatu Mpika. Nalala nyumba ya wageni, msiba unaendelea bila mimi, baba mdogo amezikwa nikiwa nimekaa benchi la kituo nikipiga simu Dodoma. Kijana anasema bosi hayupo. Bosi anasema mfumo uko chini. Siku ya tatu wakatuma barua ya kusahihisha, ofisi ya kule ikaipokea, hospitali ikalipwa. Kwa hiyo kadi ilifanya kazi, siisingizii. Lakini gari langu? Rejeta, boneti, taa zote mbili, mkono wa usukani. Nikafungua kijitabu cha bima kubwa kwa mara ya kwanza tangu nikinunue. Eneo: Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Basi. Bredauni mpaka Tunduma na matengenezo vilinitoa milioni nne na ushee, na shamba la Chamwino likaenda.

Ndiyo maana nikimwona mtu anauliza "ipi ina nafuu" roho inanidunda.

Shangazi Zabibu
Pole sana kaka. Kampuni gani hiyo tuikwepe?

Utingo Mstaafu
Sitaji, walinilipa mwisho wa siku yule wa mguu. Somo ni chesesi. Isome herufi kwa herufi ukiwa umesimama mbele ya gari.

Binti Kondoa
Kuhusu swali la serikali kukataza, nalijua kidogo maana ofisini kwetu tunapokea wageni wa mradi kutoka Uingereza na kazi ya kupanga safari zao inaniangukia mimi. Kwao Wizara ya Mambo ya Nje hutoa ushauri kwa kila nchi, tena kwa vipande vya nchi. Kuna ngazi mbili: "usiende kabisa" na "usiende ila kwa jambo la lazima". Bima zao nyingi za safari zimefungwa kwenye ushauri huo. Mgeni akienda eneo lililokatazwa bila bima maalumu, anaweza kuteguka mguu bafuni hotelini, jambo lisilohusiana hata chembe na vita, na bado wakamwambia hukutakiwa kuwa hapo. Si kosa la jinai kwenda, hakuna anayekukamata. Ila unakwenda mwenyewe na mfuko wako.

Mwaka juzi mgeni mmoja alitaka kushuka Mtwara mpaka Ruvuma, ofisi ya kwao ikakataa, kwa sababu ukanda wa kwetu unaopakana na Cabo Delgado, lile jimbo la Msumbiji lenye waasi, nao wameuwekea alama.

Mtu wa Newala
Hapo sasa! Mimi ni wa Newala, watu wanavuna korosho, wanaoza watoto, wanalala. Mzungu anaangalia ramani London anachora mstari juu ya kitanda cha mama yangu.

Binti Kondoa
Sikuchora mimi kaka yangu.

Mtu wa Newala
Najua dada. Ila inauma.

Utingo Mstaafu
Newala inauma lakini Kitaya, kijiji cha huko huko Mtwara, kilivamiwa 2020 na watu wenye silaha, tusijifanye hatukumbuki. Na sisi madereva, Namoya kule Kongo 2016 wenzetu walitekwa na malori yakachomwa moto. Anayechora ramani wakati mwingine ana sababu.

Mtu wa Newala
Kitaya nakumbuka kuliko wewe. Nasema ukubwa wa mstari.

Wakala Makole
Turudi kwa mjomba. Bima zetu za magari hapa kwa kawaida haziulizi wizara ya nani imesema nini. Sijaona kwenye mikataba ninayouza kifungu cha ushauri wa safari kama hicho cha Waingereza. Zinauliza vitu viwili: eneo gani, na nini kimesababisha. Kwenye mambo yasiyolipwa utakuta vita, uvamizi, uasi, mapinduzi. Kwa hiyo unaweza kuwa umelipa nyongeza ya Kongo, karatasi imeandikwa vizuri, gari likachukuliwa na watu wenye bunduki na usilipwe. Bado hujajibu, mji gani?

Mjomba wa Ntyuka
Bukavu.

Fundi Kisasa
😳

Shangazi Zabibu
Bukavu hii hii?

Utingo Mstaafu
Mjomba! Tumepoteza siku nzima tunakupeleka Kasumbalesa. Waasi wa M23 waliingia Bukavu Februari 2025.

Mjomba wa Ntyuka
Najua wakuu, ndiyo maana sikuanza nalo, mngenikimbiza. Dogo alikutana na binti Kigali wakiwa chuo. Wazazi wake hawajatoka Bukavu, wanasema maisha yanaendelea, soko linafunguliwa. Njia yetu Singida, Nzega, Kahama, Lusahunga, Rusumo, Kigali, halafu Huye na msitu wa Nyungwe mpaka Kamembe, tunavuka.

Wakala Makole
Basi swali lako limebadilika. Kadi ya Njano Kongo imo, kwenye karatasi. Lakini dai lolote la ajali linaanza na ripoti ya polisi, na linashughulikiwa na ofisi ya bima ya nchi ile. Ukigonga mtu Bukavu leo, nani anakuandikia ripoti, na Kinshasa wataitambua saini yake? Mimi sina jibu, na nakuhakikishia dalali wako naye hana. Muulize, kwa barua, ajibu kwa barua.

Binti Kondoa
Hilo la ripoti sikuwahi kulifikiria.

Fundi Kisasa
Na Rwanda usukani wa kulia si wamepiga marufuku? Atarudishwa Rusumo.

Utingo Mstaafu
Wanazuia kusajili, hawazuii kupita. Malori ya Bongo yanaingia kila siku. Ila kule ni kuendesha kulia, na ku-ovateki kwenye kona za Nyungwe ukiwa na usukani wa kulia ni kumuuliza abiria wa mbele "vipi, kuko salama?" na kumwamini. Chagua abiria mwenye akili.

Fundi Kisasa
Bora wapite Kabanga, Bujumbura, halafu Uvira. Fupi.

Utingo Mstaafu
Petroli Burundi utaipata wapi? Watu wanalala kwenye foleni kituoni.

Fundi Kisasa
Abebe madumu.

Wakala Makole
Madumu ya petroli ndani ya Noah yenye watu sita. Naomba hilo msiliandike kwenye fomu ya madai.

Shangazi Zabibu
Mjomba hilo gari ni lako kabisa au lina mkopo? Nauliza kwa sababu langu lilikuwa na mkopo, kadi ya gari ipo benki, na kwenye mkataba waliandika halitoki nchini bila ridhaa yao ya maandishi.

Mjomba wa Ntyuka
Lina mkopo. Umebaki mwaka mmoja na miezi.

Shangazi Zabibu
Mungu wangu.

Wakala Makole
Hiyo ilikuwa ya kusema mstari wa kwanza. Jina la benki limo kwenye bima yako. Gari likipotea, fidia inakwenda kwao kwanza. Na ukiwa umevuka bila ruhusa yao, hata Rusumo, umevunja mkataba kabla hujakutana na mwasi yeyote. Bei ya nyongeza sasa ndiyo shida yako ndogo kuliko zote.

Mjomba wa Ntyuka
Wakala hakuniambia kitu kama hicho.

Utingo Mstaafu
Wakala analipwa kwa kadi aliyouza.

Wakala Makole
Mkuu nipo hapa nakusoma.

Utingo Mstaafu
Si wewe.

Mjomba, ushauri wangu. Chukua ridhaa ya benki, bima kubwa iongezwe Rwanda peke yake, Kadi ya Njano, mfike Kamembe. Gari lilale Kamembe, kwenye nyumba ya wageni yenye geti. Bukavu ni ng'ambo tu ya mto, daraja la Ruzizi lile. Kama mpaka uko wazi siku hiyo, mnavuka kwa miguu na mahari mfukoni, ukweni waje kuwapokea upande wa pili na gari lao.

Mjomba wa Ntyuka
Wakwe wanasubiri kuona msafara unaingia getini wakuu. Dogo ameshawaambia tunakuja na gari. Tuna mashuka, vitenge, maboksi ya mvinyo wa zabibu wa hapa nyumbani, vyote tubebe kichwani darajani?

Shangazi Zabibu
Kwani lazima shughuli iwe Bukavu? Wazazi wavuke wao, mfanyie Kamembe au Kigali. Mwambie mshenga. Kazi ya mshenga ndiyo hiyo.

Mtu wa Newala
Wazazi wa binti wavuke mpaka kumfuata muoaji? Kwetu hilo ni tusi.

Shangazi Zabibu
Kwenu kuna korosho na mistari. Hapa tunazungumzia usalama wa watu sita.

Binti Kondoa
Na hao sita matibabu yao? Kadi ya Njano inawahusu wakiwa ndani ya gari ikitokea ajali. Mtu akiugua malaria Bukavu, au akipigwa risasi sokoni, hiyo si habari ya gari tena.

Mjomba wa Ntyuka
Mama naye yumo kwenye sita. Ana presha.

Utingo Mstaafu
Kila ukifungua mdomo mjomba linatoka jipya.

Mjomba wa Ntyuka
Kesho naingia benki, halafu namwandikia dalali barua na hilo swali la ripoti ya polisi. Mshenga amesema atapiga simu Jumapili, ila hataki yeye ndiye aseme habari ya Kamembe. Dogo amenuna.

Fundi Kisasa
Kabla ya yote lete hiyo Noah niangalie breki, Nyungwe si mchezo. Na mkipita Singida mchana msile pale wanaposimama mabasi, kuku wao siku hizi ni wa kisasa wamepakwa rangi.

Shangazi Zabibu
Uongo! Kuku wa kienyeji Singida bado wapo, unajua tu pa kwenda.

Fundi Kisasa
Wapi shangazi? Taja.

Utingo Mstaafu
Mimi huwa nasubiri Igunga.