Mnaoleta wakwe wa Ulaya Unguja Desemba: kwa nini hamuwaambii ukweli?

Jamani, kila mwaka ngoma ni ileile. Baridi ya Ulaya imeanza kuuma, mtu anamwambia mwenzi wake, "Mwaka huu twende kwetu Unguja, tuwachukue na wazee wako." Tikiti zinakatwa, picha za mchanga mweupe zinazungushwa kwenye kundi la familia, na wewe uliyezaliwa hapahapa, unayejua kila kitu, unafunga mdomo. Unaogopa wakwe wasije wakasema kwenu kuna tabu. Ikifika tarehe 22 Desemba, tabu zote ulizozificha zinaangukia watu wengine: dada yako jikoni, dereva, mama wa mwani, na mavyaa mwenyewe aliyeungua mgongo hata kulala hawezi.

Sina ugomvi na wakwe. Wao hawajui. Ugomvi wangu ni na wewe.

Tuanze na bahari, maana ndiyo inayoharibu sikukuu kuliko kitu chochote. Umewachukulia nyumba Jambiani au Paje kwa sababu kwenye picha maji yamefika barazani. Picha ile imepigwa siku ya bamvua, saa kumi jioni. Siku hiyohiyo saa nne asubuhi maji yalikuwa kilomita nzima huko karibu na mwamba, na mbele ya nyumba hapana kitu ila mchanga wa majimaji, majani na vidimbwi. Mtoto wa pwani anayajua haya kabla hajaingia skuli. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvua, maji hujaa sana na hupwa sana, na tofauti yake inakaribia mita nne. Kwa Unguja siku za bamvua maji huwa yamepwa kabisa kwenye saa nne na saa tano asubuhi, yakajaa kwenye saa kumi jioni. Kila siku yanachelewa kwa dakika hamsini hivi. Wiki moja baadaye ni maji mafu: hayajai sana, hayaendi mbali, na asubuhi unakuta pa kuogelea.

Sasa niambie, kuna ugumu gani kufungua kalenda ya mwezi kabla ya kulipa? Siku za bamvua, asubuhi wapeleke msitu wa Jozani au mjini, warudi wale, waingie majini baada ya alasiri. Siku za maji mafu waogelee asubuhi, safari ziwe jioni. Badala yake watu wazima wanne wanakaa kwenye viti vya ufukweni kuanzia saa mbili wakisubiri bahari irudi, halafu eti mwenye nyumba kawadanganya.

Na upepo nao. Kufikia nusu ya pili ya Desemba kaskazi imeshashika, na upande wa mashariki wote unapigwa moja kwa moja. Mawimbi madogomadogo yasiyokwisha, majani ya bahari yamerundikana ufukweni yananuka, na watu wa kaiti, wale wanaovutwa na tiara juu ya maji, wanapita kasi mbele ya Paje na kamba zao. Kijana wa miaka ishirini atafurahi. Bibi wa miaka sabini na miguu yake mibovu umemleta Paje kufanya nini? Mpeleke Kendwa, au Nungwi upande wa magharibi, ambako maji hayakimbii mbali na kaskazi inapita nyuma ya nyumba. Bei iko juu, ndiyo, na kutoka uwanja wa ndege ni kama kilomita sitini, saa moja na nusu barabarani. Lakini ataoga baharini kila siku. Mvua za vuli nazo usizikane. Nusu ya kwanza ya Desemba zinaweza kuwa bado zinadondoka.

Halafu mwani. Kina mama wa Jambiani, Paje na Bwejuu wanaingia shambani maji yanapopwa, hasa bamvua, saa zilezile wageni wako wanapoamua kwenda kutembea mpaka kwenye mwamba. Zile kamba zilizofungwa kwenye vigingi ni shamba la mtu. Mche unakaa wiki sita hivi ndipo uvunwe. Mgeni akikanyaga kamba, vipande vinakatika na vinachukuliwa na maji, basi. Nimechoka kuona kundi la watu wanane na simu zao wakimpiga picha mama aliyeinama mpaka kiunoni majini, bila hodi, na Mswahili wao amesimama pembeni anacheka. Wewe ndiye mwenye lugha. Piga hodi, salimia, uliza kama picha inaruhusiwa, na ukiambiwa hapana, watafsirie hapana.

Jua. Desemba jua liko karibu na utosi, na saa tano mpaka saa tisa halina masihara. Anayeogelea na miwani ya kuangalia samaki anaungua mgongo na nyuma ya mapaja kwa sababu ndivyo vinavyoelea juu, na maji yanamfanya asihisi. Fulana ya mikono mirefu ndiyo dawa. Mafuta ya jua peke yake hayatoshi, yanataka kupakwa tena kila baada ya saa mbili na kila ukitoka majini. Na hapa pana jambo ambalo karibu hakuna anayewaambia: kama daktari wa kwao kawaandikia doksisaiklini ya kinga ya malaria, dawa hiyo inaifanya ngozi iungue upesi zaidi. Mwulize daktari habari ya atovakwoni na proguanili, inayoanzwa siku moja au mbili kabla ya safari na kuendelea siku saba baada ya kurudi. Doksisaiklini huendelea wiki nne, na wengi wanaiacha njiani wakishafika kwao. Malaria Unguja imepungua sana, ndiyo, lakini kupungua si kwisha. Usimwambie mtu "hapa hakuna mbu".

Viatu vya mpira vya kuingilia majini wanunue hukohuko kwao, saizi zao zipo. Wale wanyama weusi wa baharini wenye miiba mirefu kama sindano wamejaa kwenye mawe. Mwiba ukiingia unavunjika kama chaki, kwa hiyo usichokonoe na pini. Loweka mguu kwenye maji ya moto, moto wa kuvumilika, nusu saa mpaka saa moja na nusu, halafu siki. Weusi unaobaki mara nyingi ni rangi tu, utafifia. Ukivimba au maumivu yakizidi, hospitali.

Nyumbani sasa. Hapa ndipo hasira yangu yote ilipo.

Unaamua kwamba wageni sita watalala kwa mama yako kwa sababu "nyumba kubwa ipo". Nyumba ipo, lakini umepiga hesabu? Mtu aliyezoea bafu la kwao anasimama chini ya maji dakika kumi, lita themanini zimekwenda. Joto na chumvi ya bahari vinamfanya aoge mara mbili. Ongeza choo cha kuvuta. Watu sita wanamaliza tangi la lita elfu moja kwa siku, na maji ya bomba yanakuja kwa zamu. Nani anayechota? Dada yako. Ama ongeza tangi la pili wiki mbili kabla hawajafika, ama waambie wazi: ndoo na kata, fungua maji, jilowanishe, funga, jisabunie, fungua tena. Hawatakufa.

Umeme ni wa TUKUZA, wa kulipia kabla. Kiyoyozi cha BTU 12,000 usiku mmoja, kwa muda wa saa nane, kinakula uniti sita mpaka nane. Vyumba vitatu ni uniti kumi na nane mpaka ishirini na nne, wakati nyumba nzima yenye friji, feni na taa pengine inatumia nne au tano. Usiku wa manane umeme unakata kwa sababu uniti zimekwisha, mavyaa anadhani ni hitilafu ya nchi. Nunua uniti mwenyewe, kwa simu yako, bila kutangaza. Na soketi zetu ni za pini tatu za mraba, kama za Uingereza. Plagi za duara za Ujerumani na Ufaransa haziingii, kwa hiyo waje na adapta zao wasije wakachomeka nyaya kwa njiti za kiberiti.

Shemeji na mpenzi wake ambaye hawajaoana: usimweke mama yako kwenye mtihani. Katika nyumba nyingi za hapa hilo halipiti, na yeye kwa heshima atanyamaza huku moyo unamuuma. Watafutie hoteli wale wawili, waje kula. Chupa ya mvinyo ya Krismasi ibaki hotelini pia, pamoja na soseji za nguruwe walizobeba sandukuni. Viatu mlangoni. Paka asilishwe juu ya mkeka. Mabega na magoti yafunikwe mjini na vijijini, nguo ya kuogelea iishie ufukweni. Hili nalo unalijua, unaona haya kulisema, matokeo yake mzee wa msikitini ndiye anayelisema, na hasemi kwa upole.

Wakitaka ibada ya Krismasi, mjini lipo kanisa la Anglikana Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa mpaka lilipofungwa 1873, na la Katoliki Shangani, wanaloliita Minara Miwili. Uliza saa za ibada mapema. Wakitaka chakula cha usiku hotelini siku hiyo au mkesha wa mwaka mpya, soma masharti: hoteli nyingi za pwani zinamlazimisha kila mgeni anayelala pale kulipia karamu, ale asile.

Makaratasi nitayapita haraka. Viza ni dola 50, kwa Mmarekani dola 100, na iombwe kwenye tovuti ya Uhamiaji inayoishia na go.tz, kwani zipo tovuti za watu wa kati zinazojifanya serikali na kutoza zaidi. Tangu 1 Oktoba 2024 kuna bima ya lazima ya Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima, na bima waliyoikata kwao haiiondoi. Wakipitia Addis au Nairobi na kukaa uwanjani zaidi ya saa kumi na mbili, wataulizwa cheti cha homa ya manjano. Wakija kwa boti kutoka Dar, pasipoti mkononi, Uhamiaji wa Zanzibar wanaiangalia. Na wewe uliyechukua pasipoti ya huko usijifanye mwenyeji dirishani: Tanzania haina uraia pacha, kwa kawaida unalipa viza, unalipa bima, na nauli ya boti unatozwa ya mgeni. Kugombana na karani mbele ya wakwe hakukurudishii uraia.

Dola waje nazo safi, zilizochapishwa 2006 au baadaye. Za zamani au zenye mchaniko zinakataliwa. Shilingi zitolewe mjini, mashine za pwani ni chache na sikukuu zinakauka.

Safari za baharini: kisiwa kidogo cha Mnemba uondoke alfajiri au usiende, saa tatu mashua zimeshafungana kama daladala stendi. Hesabu majaketi okozi kabla ya kupanda, moja kwa kila kichwa, la mtoto liwe la mtoto. Kizimkazi ukiona mashua zimewazunguka pomboo na watu wanawarukia juu, mwambie nahodha arudi nyuma, na pesa mpe palepale, maana anakimbiza kwa kudhani ndicho unachotaka. Kiti cha pweza, yule mnyama mwenye umbo la nyota, kisinyanyuliwe majini kwa ajili ya picha, nje ya maji hakipumui. Kombe na matumbawe visiingie kwenye sanduku, uwanja wa ndege vitatolewa mbele ya watu.

Mwisho pesa za nyumbani, mnazozionea haya kuliko zote. Kwao kila mtu hulipa chake. Kwetu mgeni halipi, na mama yako atakopa mchele kabla hajamwomba mkwe senti. Wakwe wanaona wanakirimiwa, wanashukuru kwa chokoleti. Kumbe watu kumi na wawili, pilau kilo mbili na nusu za mchele na nyama kilo mbili, samaki, matunda, chai asubuhi na jioni, na mtungi wa gesi wa kilo 15 uliokuwa ukikaa mwezi haumalizi wiki mbili. Waeleze wakwe kabla ya safari, kwa lugha yao, kwamba pana mchango, taja kiasi, ukusanye wewe. Mpe anayepika, si mwenye sauti kubwa, na mpe siku mbili kabla ya kufika ili aende sokoni bila presha. Msichana aliyeongezwa kusaidia kuosha vyombo alipwe kwa siku, ajue ni kiasi gani tangu mwanzo. Na siku ya kuondoka, kabla teksi haijafika, nenda ukabadilishe mtungi uache umejaa.