Naomba ushauri: niruke sehemu za kutisha ninapomsomea mwanangu?

Wazazi wenzangu, habari za jioni. Binti yangu ana miaka 8, yuko darasa la tatu. Tangu Januari tunasoma pamoja kila usiku, yeye ukurasa mmoja, mimi mmoja. Tulipomaliza vile vitabu vyembamba vya hadithi, nikaona tuingie Adili na Nduguze cha Shaaban Robert. Nilikipenda mno nikiwa shuleni.

Shida imeanzia kwa wale manyani wawili, yaani ndugu zake Adili waliogeuzwa manyani. Tulipofika Adili anawachapa usiku kisha anawabembeleza, mwanangu aliweka kidole juu ya mstari akaniuliza, "Mama, kama anawapenda, mbona anawapiga?" Nikakosa jibu. Usiku ule alihamia kitandani kwangu. Asubuhi, kabla hata ya chai, akauliza tutaendelea saa ngapi.

Mliowahi kusoma riwaya na watoto wa umri huu, mlifanyaje? Niruke sehemu kama hizo, nimsimulie kwa maneno yangu, au nikiweke kitabu hadi akue kidogo? Na yale maneno magumu, mnasimama kuyaeleza yote? Mimi nikisimama sana naona utamu unakatika.