Programu za zamani maofisini: zitengenezwe au zitupwe?

MTU WA MLANDEGE: Assalaam alaykum. Ofisi yetu ya umma imeletewa kompyuta mpya za biti 64. Programu ya stakabadhi ni ya .NET, mfumo wa Microsoft, na ndani yake inaita DLL (faili la msaada) kongwe iliyoandikwa kwa Visual Basic 6 (VB6), lugha ya zamani ya kuandikia programu. Kwenye mashine za biti 32 haikuwa na neno. Sasa kila ukitaka kutoa stakabadhi inarusha kosa 80040154, klasi haijasajiliwa. Fundi kaisajili hiyo DLL kwa regsvr32, amri ya Windows ya kusajilia, ikaandika imefaulu, na kosa liko pale pale. Mkubwa anataka itupwe, tununue ya mtandaoni. Miye naona ni kuchezea fedha za umma. Semeni.

FUNDI DARAJANI: Itupwe. VB6 ni ya 1998, hapo ofisini mna watu walikuwa hawajazaliwa. Na huyo fundi wenu kasajili bila haki za msimamizi. Kozi ya wiki moja ya Chake hiyo.

MPEMBA HALISI: Chake imeingiaje? Mtu kaandika Mlandege. Au Mlandege imehamia Pemba? Na asingekuwa na haki za msimamizi, regsvr32 ingekataa, isingesema imefaulu. Hiyo kozi ya wiki moja umeisoma weye.

BINT TUNGUU: Kabla hamjashikana mashati. DLL ya VB6 siku zote ni ya biti 32, kwa hiyo usajili wake unaingia upande wa biti 32 wa rejista (daftari la mipangilio la Windows), sehemu iitwayo WOW6432Node. Programu ya .NET iliyojengwa kwa AnyCPU, yaani kwa mashine yoyote, kwenye Windows ya biti 64 kwa kawaida huamka kama ya biti 64, na haiangalii huko. Imesajiliwa kweli, ila haionekani. Ijengwe upya kwa x86, yaani biti 32, basi.

FUNDI DARAJANI: Unguja kazi zote ngumu tunaletewa na boti kutoka Mkoani, Pemba. Nasema nnachokiona dukani kwangu.

MPEMBA HALISI: Dukani kwako ulikuwa na umeme 2009? Si nyinyi mliokaa gizani mwaka mzima?

FUNDI DARAJANI: Mwaka mzima! Wapemba kwa kutia chumvi.

MZEE WA NG'AMBO: Haukuwa mwaka. Umeme ulikatika Disemba 2009, ukarudi Machi 2010. Miezi 3, kwa hitilafu ya waya wa baharini wa kutoka bara. Na 2008 tulikaa karibu mwezi. Wanangu, hilo linagusa suala: hiyo ya mtandaoni, intaneti ikikatika stakabadhi itaandikwa kwa kalamu?

FUNDI DARAJANI: Mzee, shikamoo, lakini siku hizi kuna sola na betri. Pemba ndio walikuwa na jenereta za Wesha mpaka waya wa Tanga ulipofika 2010.

MPEMBA HALISI: Na jenereta za Wesha ziliwaka nyinyi mkinunua mishumaa.

MTU WA MLANDEGE: Bint Tunguu, ahsante dada. Kuijenga upya ndio kikwazo, msimbo, yaani maandishi asilia ya programu, hatunao. Aliyeiandika alilipwa, akakabidhi programu tu, akaondoka.

KIJANA WA JANG'OMBE: Hapo ndipo penye wizi! Tunabishania biti, kumbe mkataba haukudai msimbo. Mkinunua hiyo mpya itakuwa yale yale, baada ya miaka mitano mko hapa hapa. Mngewapa vijana wa SUZA, chuo kikuu chetu cha Zanzibar.

FUNDI DARAJANI: Vijana wa SUZA wana nadharia tupu.

BINT TUNGUU: Nimesoma SUZA. Umesajili komponenti ngapi weye, unayedhani folda ya System32 ndiko ziliko za biti 32?

FUNDI DARAJANI: Jina lenyewe linasema 32.

BINT TUNGUU: System32 ni ya biti 64. Za biti 32 ziko SysWOW64. Jina lilibaki ili programu za zamani zisivunjike. Mlandege, huhitaji msimbo. Nakili EXE (faili la programu yenyewe) kwanza, kisha itie alama ya biti 32 kwa CorFlags, zana ya Microsoft iliyomo ndani ya Windows SDK, mkusanyiko wa zana za waandika programu. Ikilalamika kuwa EXE ina saini, ongeza /Force, ila saini itaharibika.

MPEMBA HALISI: Fundi, umeona? "Jina lenyewe linasema 32." Hiyo naichapisha niibandike Chake sokoni.

FUNDI DARAJANI: Bandika. Bado itupwe.

MTU WA MLANDEGE: Mkubwa keshatangaza zabuni leo asubuhi.

KIJANA WA JANG'OMBE: Msimbo umo kwenye masharti?

MTU WA MLANDEGE: Sikuuona.