Asumini yangu inageuka njano, nimekosea wapi?

Binti wa Cheyo:
Habari za Jumapili wana Tabora. Leo sikuwa na ratiba kabisa, asubuhi nimetembea zangu mdogomdogo mpaka Isevya chini ya ile miembe mikubwa, nikarudi nikatandika mkeka na riwaya yangu kuukuu karatasi zishakuwa rangi ya chai, sasa nainua macho naona asumini kwenye ndoo majani ya chini yote njano. Namwagilia kila siku jamani, shida nini?

Mzee wa Samadi:
Hiyo kila siku ndo shida mwanangu. Ndoo umeitoboa chini?

Binti wa Cheyo:
Hapana 🙈

Mzee wa Samadi:
Basi umeizamisha. Mizizi ikikaa kwenye maji inakosa hewa inaoza, majani yanaanza njano chini. Toboa matundu manne matano, badilisha udongo uchanganye na mchanga na samadi iliyooza vizuri, mbichi itaiunguza. Halafu chomeka kidole kwenye udongo, ukikuta unyevu mpaka pingili ya pili acha usimwagilie. Na itoe juani, asumini kivulini inarefuka tu haitoi ua.

Kaka Ng'ambo:
Shikamoo mzee. Dada siku nyingine nyoosha mpaka Kwihara kwenye tembe alilokaa Livingstone 1872, ila beba maji mbali kidogo. Ukimaliza hiyo riwaya niazime basi

Binti wa Cheyo:
Asante mzee wangu, natafuta msumari nitoboe sahivi. Kaka riwaya ina foleni, mama mdogo kashaiwahi