Barua ya kupimwa TB: si nilishapigwa picha Nairobi?

Kutoka: Mgeni, Leicester

Assalam aleikum, shikamooni wakubwa. Nina miezi minne hapa, nimekuja kwa viza ya kazi. Juzi GP, daktari wa mtaani kwangu, kaniandikia barua, naitwa nikatolewe damu kupimwa TB, kifua kikuu. Si nilipigwa picha ya kifua pale IOM Nairobi, shirika la wahamiaji, ili nipate viza, na cheti nikapewa? Sikohoi, sijakonda, na kovu la chanjo hili hapa mkononi. Ninaokaa nao wananiambia nisiende, eti ukikutwa nayo unarudishwa kwenu.

Kutoka: Mama Pacha, Coventry

Marahaba mwanangu. Hao wenzako wanakutisha bure. Mimi barua kama hiyo niliitia pipani pamoja na matangazo ya piza, mpaka nesi akanipigia mwenyewe.

Damu ni kidogo: vichupa vinne, kila kimoja na kifuniko cha rangi yake, nesi akavitikisa weee! Majibu yakaja ninayo. Nililia ndani ya basi hata nikapitiliza kituo. Kumbe yangu ni ile iliyolala: vidudu vimo mwilini lakini havijaamka, humwambukizi mtu. Wanao unawabusu, chakula unapika. Picha ya kifua huonyesha mapafu yaliyokwisha kuugua. Vidudu vilivyolala haivioni. Kwa hiyo cheti chako hakikusema uongo.

Nilimeza dawa, rifampisini na isoniazidi, miezi mitatu. Siku ya kwanza mkojo ulitoka rangi ya Fanta, nikamwita mume wangu chooni aje ashuhudie ninavyokufa. Nesi alikuwa ameshanieleza, ila kwa Kiingereza cha mbio, nami nikawa naitikia tu.

Kutoka: Mkalimani, London

Ndiyo maana nawasihi: ombeni mkalimani, hulipi. Nafanya kazi hiyo kliniki za TB.

Dada Mgeni, hujaonewa wewe peke yako. Upimaji huu ni wa wenye miaka 16 hadi 35, waliofika ndani ya miaka 5 kutoka kwetu Afrika kusini mwa Sahara na nchi nyingine zenye TB nyingi. Wenye iliyolala 100, kama 5 hadi 10 huja kuugua maishani, na ukiwa na HIV au kisukari hatari inazidi. Chanjo ya BCG, hiyo iliyokuachia kovu, huvuruga kile kipimo cha sindano ya ngozini. Hiki cha damu hakiguswi nayo. Viza yako haiguswi pia. TB hutibiwa bure England, hata kwa asiye na karatasi.

Jambo moja akina dada huona haya kulisema mbele yangu mimi mwanamume: vidonge vya kupanga uzazi. Rifampisini huvipunguza nguvu, na nimeshuhudia mtu akipata mimba asiyoitarajia. Mwambie nesi, ukitaka mkalimani mwanamke, omba. Na macho yakigeuka manjano usisubiri miadi, piga simu siku hiyohiyo.

Kutoka: Mgeni, Leicester

Asanteni sana. Nimepangiwa Alhamisi saa tatu na nusu asubuhi. Wao wameandika 9:30, nimeuliza mara mbili nisije nikaenda alasiri.

Nimewasomea wenzangu majibu yenu. Yule aliyekuwa akinikataza zaidi kanivuta pembeni jikoni: na yeye aliitwa mwaka jana, barua akaichana. Anauliza kama bado watampokea.

Kutoka: Mama Pacha, Coventry

Apige simu GP kesho asubuhi. Wasiposhika simu, nenda naye Alhamisi.