Mjadala: Je, picha za kadi za watoto ni lazima zifuate perspektivu?

Mleta mada, Moshi:

Ndugu zangu, salaam. Kikundi chetu cha wachoraji hapa Moshi kinaandaa seti ya kadi za wanyama ambazo watoto watazikusanya na kubadilishana, kila kadi ikiwa na milimita 63 kwa 88, na tumegawanyika vibaya. Nusu yetu wanataka kila picha ifuate perspektivu, yaani vitu vya mbali vipungue ukubwa na mistari ikutane kwenye nukta moja ya upeo wa macho. Nusu nyingine wanataka mtindo wa Tingatinga, ambao humweka mnyama mbele ya rangi tupu bila kujali umbali. Mimi niko upande huu wa pili, na naomba nipingwe kwa hoja.

Kilichonisukuma kuandika ni kauli ya mwenzetu aliyeishika kadi ya majaribio yenye tembo aliyelingana kimo na Kibo, akasema kwamba tunawadanganya watoto. Nilimwomba asimame mlangoni asubuhi, kabla mawingu hayajaufunika mlima, anyooshe mkono na kuinua kiganja usawa wa macho. Kibo, chenye mita 5,895, kilifichika nyuma ya vidole vyake. Perspektivu yenyewe ndiyo inayomfanya tembo wa karibu aushinde mlima. Haitupi ukubwa wa kitu, inatupa jinsi kinavyoonekana kwa jicho lililosimama mahali pamoja. Hokusai wa Japani alichora, mnamo 1831 hivi, wimbi lililoupita kimo mlima Fuji wenye mita 3,776, wala hatumwiti mwongo.

Ninaloliogopa ni kosa la aina nyingine. Katika kadi hizo hizo za majaribio, mbega alichorwa kwa ustadi mkubwa: mwanga unapenya majani, tawi linarudi nyuma kama inavyopasa, mkia mweupe umening'inia kwa uzito wake. Kisha mchoraji akamwekea kidole gumba. Mbega hana gumba. Ana vidole vinne virefu anavyovikunja kwenye tawi kama ndoano, na mahali pa gumba pamebaki kinundu tu. Kila aliyeiona picha ile aliisifu kwa uhalisia wake, na kosa likapita kwa sababu uhalisia huo ulitufanya sote tuiamini.

Mchangiaji, Arusha:

Ndugu mleta mada, kuhusu gumba tuko pamoja, ila usilitumie kosa la mchoraji mmoja kuihukumu perspektivu. Mimi huwatembeza wageni katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha, na kila safari nauona Meru ukibadilika rangi kadiri tunavyousogelea: kwa mbali ni buluu iliyofifia, kwa karibu ni kijani cha msitu na kijivu cha mawe. Mtoto akizoea kuusoma umbali huo kwenye kadi, ataisoma pia nchi iliyo mbele yake. Isitoshe, Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, alitumia rangi za baiskeli juu ya vibao vya kutundika ukutani. Mapambo yanayopendeza kwenye kibao yatasongamana mkibana picha nzima ndani ya milimita 63. Tazameni pia kadi za Pokémon, zilizoanza kuuzwa Japani mwaka 1996. Yumo msanii Yuka Morii, ambaye hufinyanga viumbe kwa udongo na kuwapiga picha, na ingawa viumbe hao hawapo duniani, vivuli vyao na kina cha picha humfanya mtu atamani kuwagusa.

Mleta mada, Moshi:

Ahsante, ndugu yangu. Kwa habari ya kusongamana umenishinda: nimeichapisha kadi ya chui kwa ukubwa wake, na madoa yameungana hadi sikio halijulikani lilipo. Kuhusu Meru pia nalegeza, mlima uwepo kama bapa moja la buluu iliyofifia lisilozidi robo ya picha, bila kuhangaika na mistari. Lakini sikubali kwamba kina ndicho kimpe mchoraji alama za kufaulu. Kadi hugeuzwa mkononi, huwekwa chini vumbini, hutazamwa na watoto watatu kwa pamoja, mmoja juu chini na mwingine kwa pembeni, na mahali pale pamoja ambapo perspektivu inalitaka jicho lisimame hakuna anayesimama.

Basi nawauliza na wengine: ikiwa nafasi inatosha kitu kimoja, ama kina cha msitu ama vidole vinne vya mbega vinavyohesabika vizuri, mngechagua kipi? Mwenye mchoro aje na kadi iliyochapishwa kwa ukubwa wake, si picha iliyokuzwa kwenye skrini.