Mrejesho: Yule mwalimu wa likizo ya Juni

Wakuu, salaam. Mtakumbuka niliuliza: shule zikifungwa Juni nibaki Dar nisahihishe mitihani taratibu, au nipande Lushoto nikapumzike? Wengi mlisema nenda. Mmoja akasema mwalimu hana likizo, ana kazi za nyumbani tu. Huyo sijamsahau.

Nimekuja. Karatasi za darasa la sita nilizimaliza kwa siku tatu, usiku na mchana, mpaka kidole kikaota sugu ya kalamu nyekundu. Kisha basi mpaka Mombo, halafu zile kona za kupanda mlima. Mtoto wa jirani yangu alitapika kona ya pili, mfuko nikautoa mimi.

Aliyeniambia nibebe sweta, Mungu akubariki. Baridi ya huku haina utani.

Asubuhi ya kwanza nilikurupuka saa kumi na moja, natafuta viatu niwahi zamu. Nikakumbuka, nikarudi kwenye blanketi nikicheka peke yangu. Jana nilikaa juu ya mwamba wa Irente, miguu mbali na ukingo (naogopa), nikitazama tambarare chini, chai ya tangawizi mkononi. Hakuna aliyeniita "tichaa" siku nzima.

Nauli ya kurudi bado ninayo, msiulize.